Namba Tatu Iliyokataa Kuugua

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa kutia chumvi: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mke wa mtu aliyemwita baba mkwe wake mzee mjinga kwenye spika, mbele ya chifu na mchungaji na akina mama wa kikundi waliovaa leso za sare, na hata sikuwa hapo, nilikuwa Riyadh, nimesimama bila viatu juu ya zulia la watu, kitambaa cha vumbi mkononi, naifokea televisheni. Maneno yenyewe yalikuwa haya na siyapunguzi: "Wewe mzee mjinga, ni nani amekutuma unyunyizie shamba langu dawa?" Halafu nikaongeza mengine ambayo sitayaandika (mama yangu anasoma).

Wale mnaotoka kwetu Bungoma mnajua mke wa mwana hampi baba mkwe hata mkono. Akimkuta njiani anapisha. Akimpelekea chai anaiweka mezani na kurudi nyuma akiangalia chini. Mimi nilimpelekea "mjinga", na nilimpelekea kwa maikrofoni.

Nimeona aibu, sikatai. Lakini msitegemee hapa machozi na magoti, kwa sababu hata ninapoandika haya hasira bado imenikwama kama mwiba wa samaki, na nikimaliza mtajua ni ya nani.

Nianze na maharagwe, maana bila maharagwe nisingekuja Saudia. Kwetu tulikuwa tunapanda rosekoko, ile ya zamani, tamu, yenye supu nzito, na kwa misimu mingi mfululizo ugonjwa wa madoa ukatumaliza. Unapanda, yanaota vizuri, yanaweka maua, unaanza kujipangia mambo, halafu asubuhi moja unakuta majani yana vidoa vya kahawia kama mtu ameyarushia cheche za moto, na muda si muda majani yote yako chini na maganda yamejikunja hayana kitu ndani. Mume wangu akaenda Nairobi kwa mjengo. Mimi nikaja huku kufanya kazi ya nyumba, nikamwacha Neema wangu kwa wifi yangu Nafula kabla hajajua kuongea. Sasa anaongea. Nafula anamwita mama. Mimi ananiita Mama Simu.

Kabla sijasafiri, watu wa kituo cha utafiti walikuja kwa kikundi chetu na mbegu aina sita kwenye mifuko ya karatasi, hazina majina, zina namba tu, ili mtu asipendelee. Zingepandwa kila msimu kwenye shamba la mwanachama mmoja, kila namba na kipande chake na kigingi chake, waone ipi inazaa na ipi inahimili ugonjwa. Namba tatu tuliitambua kwa macho, ilikuwa ni ile rosekoko yetu. Nikauliza (mimi huwa nauliza) kwa nini tupoteze kipande kizima kwa kitu tunachojua kitakufa. Yule mama wa kituo, aliyekuja na gambuti zake ameziweka ndani ya mfuko wa plastiki, akanijibu vizuri tu: "Hicho ndicho kipimo chetu. Namba tatu ikiugua, tunajua ugonjwa umefika shambani. Ile itakayosimama kando yake ikiwa nzima, hiyo ndiyo tunaitafuta. Kwa hivyo msipige dawa. Mkipiga dawa zote zitakuwa kijani na tutarudi nyumbani tukiwa hatujui kitu."

Hata mtu aliyelala angeelewa. Bwana shamba wetu alikuwa amekaa mstari wa mbele, anaitikia kwa kichwa.

Msimu huu ndio ulikuwa wa mwisho na ukaangukia shamba langu. Mapatano yalikuwa kwamba mwenye shamba la mwisho, mbegu ikishinda hapo kwake, yeye ndiye wa kwanza kupewa aizalishe, kituo kinainunua kinagawia wengine. Mnaelewa hapo? Hiyo ilikuwa tiketi yangu ya kurudi nyumbani. Mkataba wangu huku ulikuwa unaisha, madam alikuwa ananiuliza kila akiingia jikoni kama nitakubali ikama mpya, kile kibali cha kukaa na kufanya kazi, ya miaka miwili, na mimi kila mara namwambia, "Madam, baada ya maharagwe." Alifikiri ni sikukuu yetu Wakenya.

Basi nikalima kwa simu. Nafula anatembea na simu shambani, mimi naosha vyombo kwa madam Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, nikiwa nimeiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, namwambia palilia hapo, hapana, hapo pengine. Nafula ni mtu mzuri lakini akishika simu anapiga picha za mbingu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya wakulima. Wageni wanatoka kituoni, chifu anakuja, kuna hema, kuna mshereheshaji, kuna spika zimeletwa kutoka kanisani. Na sisi huku madam alikuwa ametupeleka Riyadh kwa dada yake, mtoto wa dada yake alikuwa anaposwa, nyumba imejaa sahani za kukodi na mabuli ya kahawa. Alasiri madam na dada yake na shangazi zao wawili wakatoka kwenda kwa mshonaji. Wanaume walikuwa nje kwa shughuli zao. Nikabaki peke yangu kupangusa vumbi kwenye majlis, kile chumba chao cha wageni, makochi kuzunguka ukuta wote na televisheni kubwa kama mlango wa lori.

Nafula akapiga. Sasa simu yangu kioo kilikuwa kimepasuka, na ndani kumemwagika weusi kama wino, nusu ya picha sioni. Doa la ugonjwa wa maharagwe ni dogo. Nitalionaje kupitia wino? Na televisheni ile hapo, inaniangalia, na mimi kuiunganisha na simu najua vizuri, kazi yangu ya kila siku ni kuwawekea watoto wa watu katuni. Nikajiambia dakika tano tu, niyaone majani, nizime. Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Siyo kwa hasira yangu wala kwa mdomo wangu, hapo kwa dakika tano.

Nikaiweka simu mezani, nikaiegemeza kwenye buli, shamba langu likajaa ukuta mzima.

Jamani, lilikuwa zuri. Nilikaribia kulia. Migomba ya baba mkwe kule nyuma, hema, watu, na vigingi vimesimama na namba zake kama wanafunzi kwenye gwaride. Nikamwambia Nafula, "Anza na moja, tembea polepole." Akatembea. Moja kijani. Mbili kijani. Nikafurahi. Tatu kijani.

"Simama hapo," nikasema. "Hiyo ni namba ngapi?"

"Tatu, wifi."

"Si hiyo ndiyo rosekoko?"

"Ndiyo hiyo."

"Ya kwako iko aje huko mtoni?"

"Ya kwangu ilishakufa. Ya kila mtu ilikufa. Mama Wanyonyi alilisha ng'ombe."

"Na hii?"

Akataka kusogea namba nne. Nikamwambia achume jani, aligeuze, alisogeze karibu. Likaja jani moja kubwa kama mkeka kwenye ukuta wa Riyadh, na doa la ugonjwa halina hata moja, ila lina michirizi myeupemyeupe kama chokaa iliyokauka, na kwenye ncha kitone kimegandia. Kila mtu aliyewahi kubeba pampu mgongoni anaijua michirizi hiyo. Ni dawa ya ukungu.

"Nafula, ni nani amepiga dawa?"

"Wifi, tutaongea jioni."

"Nafula."

"Niko katikati ya watu, wifi, punguza sauti."

Akageuza simu haraka, nadhani alitaka nione kitu kingine nisahau, na kitu kingine chenyewe kilikuwa ni baba mkwe. Yuko mbele ya hema na koti lake la harusi ya mwanawe, amepewa maikrofoni, anawaambia wageni, "Katika boma langu ugonjwa hauingii." Watu wanapiga makofi. Mgeni wa kituo anaandika. Bwana shamba amesimama kando yake anatabasamu kama mtu aliyezaa hayo maharagwe kwa tumbo lake.

Kulikuwa na jambo moja nilikuwa nimelisahau kabisa. Asubuhi Nafula alinitumia ujumbe kwamba mshereheshaji ataomba mwenye shamba asalimie watu kutoka ng'ambo, na mimi nikajibu sawa, tena nikaweka na kile kikaragosi cha kucheza densi. Kwa hivyo picha ilipoanza kuyumba, mara kwapa la mtu, mara mbingu, mimi nilidhani ni Nafula na mambo yake. Kumbe mshereheshaji ameichukua simu. Kumbe ameiwekea maikrofoni mdomoni. Kumbe ameshawaambia watu, "Na sasa tumsikie mama mwenyewe kutoka Saudia, tumpigie makofi," lakini mtandao ulikuwa unavuta miguu na hayo maneno yalinifikia baadaye, baada ya yangu kuondoka.

Yangu mmeshayasikia.

Nilijua kuna kasoro niliposikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka kwenye spika za kanisa, kubwa, inagonga migomba: mjinga, jinga, nga. Kuku mmoja akalia. Mtu akacheka, akapigwa kofi, akaacha kucheka.

Halafu mshereheshaji, badala ya kuizima simu kama mtu mwenye akili, akampa baba mkwe aishike.

Sasa niambieni, ninyi mngefanya nini? Uso wa baba mkwe wangu, ambao miaka yote nimeupita nikiangalia vidole vya miguu yangu, ukatokea ukutani, mkubwa kuliko mimi, kila mvi ya kidevu naiona, anakodolea macho ndani ya chumba akinitafuta. Miguu yenyewe iliamua. Nikapisha. Wallahi nilipisha televisheni njia, nikajifunika kichwa na kile kitambaa cha vumbi, nikachuchumaa nyuma ya kochi. Mimi, niliyekuwa namfokea dakika moja iliyopita.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Mama Neema, baba," sauti ya Nafula hiyo, nyembamba kama uzi.

"Mama Neema," mzee akasema, kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. "Mimi nilishika pampu tu. Dawa ililetwa na bwana shamba, mara mbili. Aliniambia wageni wanakuja na nikiacha waone mimea imeoza, boma langu litachekwa. Kwani nimekosea wapi?"

Yote hayo kwenye maikrofoni. Nikasikia bwana shamba akiingilia, "Mtandao, mtandao ni mbaya, wazee, tuendelee na ratiba," na hapo hapo nyuma yangu mlango wa majlis ukafunguka.

Walirudi mapema. Mshonaji alikuwa amefunga. Waliingia wanne wote wakiwa wameshavua abaya na mitandio koridoni, nywele wazi, maana ni nyumba yao na wanaume hawapo, na ukutani kuna mzee wa Kibukusu mwenye koti, anawaangalia. Na yeye anawaona, kwa sababu simu yangu pale kwenye buli ilikuwa inaangalia mlango. Baba mkwe, Mungu ambariki, akavua kofia akawasalimia.

Shangazi mmoja akapiga kelele akajifunika na mto wa kochi. Dada yake madam akawa anauliza kwa Kiarabu ni mwanamume gani huyu kwenye majlis yake, nani mwingine anaona, iko wapi kamera. Nyuma ya mzee watu walikuwa wameanza kukusanyika kuchungulia simu, chifu mmojawapo, na kila kichwa kikiongezeka kule, huku mwingine anapiga kelele. Madam wangu alizunguka chumba akanipata nyuma ya kochi na kitambaa kichwani.

"Nekesa," akasema. "Eish hada?"

Hii ni nini, anauliza. Ningeanzia wapi? Nikamwambia, "Madam, ni maharagwe." Akaangalia ukuta. Akaniangalia mimi. Akachukua simu, akaizima, akaiweka ndani ya mkoba wake, akasema "halas," basi imetosha, na huo ndio ukawa mwisho wa simu yangu Riyadh. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningemvunjia mtu hiyo simu kichwani. Hao wanawake hawakunikosea kitu, niliwaanika mbele ya chifu wa lokesheni yetu katika siku ya posa ya mtoto wao, na hiyo ni aibu ambayo nikiikumbuka nikiwa napika huwa naongea peke yangu.

Kwa hivyo nilikaa kimya siku zote zilizobaki, natembeza kahawa, nikijua kwamba nyumbani dunia inaendelea bila mimi kujieleza. Iliendelea kweli. Siku ya kuondoka tulipelekwa uwanja wa ndege na dereva wa ile nyumba, Otieno, Mkenya, analala Murabba na walinzi na mafundi wa kwetu, chumba kimoja vitanda vya ghorofa. Madam alikuwa nyuma na masikio yake yamezibwa na muziki. Otieno akanitazama kwenye kioo.

"Dada, ni wewe wa namba tatu?"

Nikajifanya sijasikia.

"Usione haya. Kuna mtu alirekodi pale hemani, Murabba nzima tumeiona hiyo video. Kuna jamaa ameiweka ndiyo mlio wa simu. Akipigiwa, 'wewe mzee mjinga.' Juzi alipigiwa akiwa mbele ya supavaiza wake, simu ikamtusi."

"Otieno, endesha gari."

"Naendesha. Lakini niambie, huyo bwana shamba ulimfanya nini?"

Hilo swali. Watu wote walioona ile video walitucheka mimi na mzee, na dereva wa Riyadh ndiye wa kwanza kuuliza kuhusu mwenye makosa. Nikamwambia bado sijamfanya kitu. Akasema, "Sasa utamfanya na nini, simu huna," akacheka mpaka uwanja wa ndege.

Jeddah nako haikunipokea na maua. Madam alinipeleka Balad, soko la mji wa kale, kumbebea vitambaa, tunapita kwenye vichochoro kati ya zile nyumba za zamani, mimi na mifuko hadi kwenye meno, na binti mmoja wa kwetu ambaye sijawahi kumwona, naye kabeba mifuko ya madam wake, akanipita akasema chini chini, "Pole na dawa, mama." Hata hakusimama. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na vitambaa.

Simu nikarudishiwa. Nilichofanya kwanza ni kumtumia Nafula amnunulie mzee jogoo mkubwa na amwombee kwangu msamaha, kwa adabu zote, akiwa amepiga magoti kwa niaba yangu. Jibu likaja: "Baba anasema amemla jogoo. Anasema pia una sauti kubwa." Basi. Mimi na mzee tulimaliza hapo. Alinaswa kwa kuogopa aibu, na aliyemtia woga huo alijua anachokifanya.

Huyo alinipigia mwenyewe. Nilikuwa napanga viatu vya watoto mlangoni.

"Mama Neema, habari ya Saudia," bwana shamba akasema, sauti imepakwa mafuta. "Tulisikia uko na hasira kidogo."

"Siyo kidogo."

"Sikiza, mama. Nina habari nzuri. Tumepima mavuno. Namba tano imeshinda zote, kwa shamba lako. Wewe ndiye wa kwanza. Mwezi ujao tunakuletea mbegu, urudi nyumbani uzalishe."

"Imeshinda nini? Imeshinda ugonjwa ambao haukuwepo?"

"Ni dawa kidogo tu ilipigwa."

"Mara mbili."

"Mama, kwenye jambo hili tuko watu wengi. Nina wakubwa wangu, wanataka kuona shamba la kijani. Ningewaonyesha vijiti? Wewe umesoma, unaelewa. Ile video watu walifikiri ni ugomvi wa kifamilia tu. Ukinyamaza inaisha hivyo hivyo."

"Na nisiponyamaza?"

"Shamba lako litaondolewa kwenye jaribio. Utakuwa umejifuta mwenyewe." Halafu akaongeza, na hapa ndipo uvumilivu uliobaki ulipokatika, "Mtoto wako si anakungoja?"

Yaani huyu mtu, ambaye kazi yake yote ilikuwa ni kutofanya kitu, kuacha mmea ufe au upone wenyewe, huyu mtu ananining'inizia mtoto wangu kama karoti mbele ya punda. Nilikata simu. Nilipanga viatu vile vyote upya, nikavichanganya, nikavipanga tena.

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Nyamaza urudi nyumbani, hayo mengine watajua wenyewe." Simlaumu, amechoka kulala mabandani. Na nawaapia, nilinyamaza siku kadhaa. Nilishajiona nimeshuka uwanja wa ndege, nimembeba Neema. Kila kitu kilikuwa kinataka mdomo wangu ufungwe tu, mdomo ambao ndio ulikuwa umeniaibisha nchi mbili.

Halafu jioni moja Nafula akapiga, furaha tupu, anasema kikundi kizima kimeshajiandikisha kuchukua namba tano. Hata yeye. Ataipanda shamba lote la mtoni, hatachanganya na mahindi.

"Na ikiugua?" nikamuuliza.

"Haiugui, wifi. Si imeshinda kwako?"

Huenda namba tano ni nzuri kweli. Huenda ni takataka. Hakuna anayejua, na ndiyo maana ya kupima, ujue. Yakifa hayo maharagwe ya mtoni, ni nani atafuata kuja kusugua vyoo vya watu huku? Ni Nafula. Na akija Nafula, Neema ataachiwa nani amwite mama?

Asubuhi madam alipoingia jikoni nilimwambia kabla hajaniuliza, "Madam, ikama, nimekubali." Akauliza kama maharagwe yamekwisha. Nikamwambia ndiyo, yamekwisha. Akanishika bega, akaniambia nisiwahi tena kuunganisha simu yangu na televisheni ya mtu yeyote, na hilo nimeapa mbele yake na naapa mbele yenu, hata kama ni mwisho wa dunia unaonyeshwa. Kunyamaza sikuapa. Hakuna aliyeniomba isipokuwa bwana shamba na mume wangu.

Usiku huo huo niliandika barua hii, nikaituma kituoni, nikamtuma na Nafula apeleke nakala kwa mkono, wagonge muhuri mbele yake. Wamegonga. Naiweka hapa kama ilivyo, ili atakayetuma tena ile video aitume na hii.

Kwa Mkuu wa Kituo,

KUH: MALALAMIKO RASMI KUHUSU JARIBIO LA MAHARAGWE KATIKA SHAMBA LANGU

Mimi ni mwenye shamba mlilopandia mbegu namba moja hadi sita msimu huu. Kwa sasa niko Jeddah kikazi. Namlalamikia bwana shamba wa kata yetu kwa kuleta dawa ya ukungu katika shamba hilo mara mbili na kumtumia baba mkwe wangu kuinyunyizia, akijua hairuhusiwi, kwa sababu mlitukataza yeye akiwa ameketi mbele. Baba mkwe wangu alidanganywa na ninaomba asihojiwe kama mkosaji. Nilimtukana hadharani na hilo nimelimaliza naye.

Namlalamikia pia kwa kunipigia simu na kuniambia ninyamaze ili nipewe mbegu.

Ninajua namba tano ilitangazwa kushinda kwangu. Ninaomba matokeo ya shamba langu yafutwe, na akina mama waliojiandikisha kuichukua waambiwe sababu, waambiwe na ninyi, wasiambiwe na mimi kwenye spika. Jina langu mliondoe kwenye uzalishaji.

Shamba bado ni langu na ninawapa bure. Msimu ujao pandeni tena hapo hapo, zote sita, na mlete mtu mwingine wa kusimamia. Pampu isivuke lango. Mimi sitakuwepo, kwa hivyo nawaomba mnifanyie jambo moja ambalo ningelifanya mwenyewe.

Namba tatu iachwe iugue.

Nekesa, Mama Neema